Bisibisi Fupi Asubuhi ya Harusi

Mume wangu Wendell ameunda ndege za kivita miaka thelathini na moja, na akirudi nyumbani bado yuko kiwandani. Hapa Palmdale, mji wa viwanda vya ndege, wanaume wa aina yake wamejaa. Mchana wanaunda vitu wasivyoruhusiwa kuwasimulia wake zao, jioni wanalala chini ya magari mabovu na kuwasimulia mpaka masikio yachoke.

Gari lenyewe ni pikapu, Chevrolet ya mwaka hamsini na saba. Aliinunua ikiwa kutu tupu, binti yetu Corinne akiwa na miaka kumi na miwili, akaapa kwamba itampeleka kwenye dansi ya kumaliza shule. Dansi ikapita, pikapu haina injini. Akaapa itampeleka kwenye mahafali ya chuo. Siku ilipofika ilikuwa na injini, haina breki.

"Wendell," nilimwambia, "umeiga tabia za serikali. Ndege yenu ilitakiwa ichukue miaka sita, ikachukua kumi na tano, bei ikapanda mara tatu, na kila mwaka wakubwa zenu wanakwenda Bungeni kulia. Basi hapa Bunge ni mimi, na nimechoka."

"Kitu kizuri hakiharakishwi, mke wangu."

"Pikapu hairuki!"

"Utaiona."

Ikabaki harusi. Saa tatu asubuhi ya siku hiyo pikapu iliwaka, kijani, inang'aa, inanguruma mpaka madirisha ya jirani yakatetemeka. Machozi yalinitoka, nakiri. Ibada ilikuwa saa tano, na mchungaji alikuwa na maharusi wengine saa sita, kwa hiyo hakuna cha kuchelewa. Ilikuwa ahadi ya tatu, na tunamwomba Mungu Corinne asiolewe tena.

Sasa niseme kosa langu mapema, nipumue. Saa moja kabla ya pikapu kuwaka niliingia sebuleni, mahali pa kupigia picha za harusi baada ya ibada, nikakuta nyuma ya keki picha ya ndege yake, nyeusi, pana kuliko meza. Wendell aliibana ukutani kwa skrubu nne kwa sababu ananijua. Nikaenda gereji, Wendell akiwa chini ya dashibodi, nikachukua bisibisi fupi kwenye droo yake, nikaing'oa ile picha, nikaisukuma nyuma ya friji, nikaning'iniza maua. Bisibisi na skrubu nikatia mfuko wa aproni nikaendelea na saladi ya viazi.

Droo ya Wendell ina sponji, na kila kifaa kina tundu lake lililokatwa kwa umbo lake. Ndivyo wanavyofanya kazini. Tundu moja likiwa tupu, ndege haitoki, hata kama jenerali anasubiri, kwa sababu huenda kifaa kimesahaulika ndani yake. Waliwahi kufungua bawa zima wakitafuta kifuniko cha kalamu.

Corinne naye anafanya kazi kiwandani. Ni mkaguzi, yule ambaye bila saini yake hakiondoki kitu. Akaja gereji na gauni lake refu, akaizunguka pikapu akicheka, kisha kwa mazoea tu akavuta droo.

"Baba."

"Naam, mama."

"Bisibisi fupi iko wapi?"

Wendell aliangalia lile tundu, rangi ikamtoka. "Aa, hiyo... nimemwazima Hollis."

Hollis, jirani yetu, alikuwa amesimama pale pale na glasi ya juisi. "Mimi? Mzee, usiniingize."

Corinne alichomoa utepe mwekundu kwenye shada lake la maua akaufunga kwenye usukani. Wageni karibu wote ni watu wa kiwandani, na utepe mwekundu wanaujua. Gari halitoki.

"Corinne, ni harusi hii, siyo vita!" nilifoka, mkono umeshikilia aproni.

"Mama, ikiwa imenasa kwenye pedali ya breki? Baba alikuwa chini ya dashibodi mpaka asubuhi hii."

Kila mtu akaitikia kwa kichwa, wendawazimu wale. Wakajipanga mstari, bega kwa bega, suti na visigino virefu, wakatembea polepole toka gereji mpaka barabarani macho chini, kama wanavyotembea kila asubuhi kwenye uwanja wa ndege kuokota vijiwe visije vikavutwa na injini. Hollis akavua koti, akang'oa kiti cha pikapu. Bwana harusi, Teo, mwalimu wa muziki masikini ya Mungu, akapiga simu kutoka kanisani.

"Naombeni mnieleze taratibu. Hamji kwa sababu ya bisibisi?"

"Wewe hutaelewa, mpenzi," Corinne akamjibu.

Mnaniuliza kwa nini sikusema. Miaka kumi na mitano Wendell ananishuku kwamba nagusa droo yake, na miaka kumi na mitano naapa kwa kaburi la mama yangu kwamba sijawahi. Halafu kulikuwa na ile picha nyuma ya friji. Nilisema moyoni, watachoka, watapanda Toyota yangu, yataisha.

Saa nne na nusu Corinne akasema sawa, atapanda Toyota. Alisema kwa ushujaa lakini kidevu kilikuwa kinatetemeka. Wendell alikaa kwenye bampa, mikono magotini.

"Nisamehe, mwanangu. Mara ya tatu hii."

Basi nikashindwa. Niliingiza mkono mfukoni nikatoa bisibisi mbele ya watu arobaini.

"Ni mimi," nikasema. "Nimeng'oa picha ya ndege. Iko nyuma ya friji."

Mtu mmoja akacheka, Hollis akamkanyaga mguu. Wendell alinyanyuka, akaipokea bisibisi, akaifuta kwa leso, akailaza kwenye tundu lake. Akasubiri nitazamwe vya kutosha.

"Na skrubu?"

"Zipo."

"Ngapi?"

"Nne."

"Nizione."

Hollis alikuwa anarudisha kiti, Corinne anafungua utepe kwenye usukani. Nilizitoa mfukoni nikafungua kiganja. Zilikuwa tatu. Nilipekua mfuko wa aproni, nikapata chembe za kiazi tu. Ya nne ilikuwa imedondokea sebuleni, chini ya meza ya keki au penginepo, wala sikuwa na njia ya kulithibitisha hilo. Mtu huyu ninamjua. Amesimamisha ndege za serikali kwa kitu kidogo kuliko hicho, na mstari wa watu ulikuwa bado haujatawanyika.

"Baba, tayari?" Corinne akauliza. "Vimetimia?"

Wendell aliangalia kiganja changu, akaniangalia mimi. Kisha akakunja vidole vyangu, kimoja kimoja, mpaka vikafunika zile skrubu, akavishikilia.

"Nne," akasema kwa sauti. "Panda, mama, tumechelewa."