Mwanamke Kwenye Picha ya Farasi

Jumanne asubuhi, siku ya tatu ya likizo, Glenys Probert alikuwa akipaka siagi kwenye mkate pale mashua yao ya kukodi ilipogonga ukingo wa mfereji kwa mara ya nne. Alichungulia nje. Mdogo wake, Emlyn, alikuwa ameukumbatia usukani kama mtu anayemzuia ng'ombe.

"Unaendesha au unabomoa?"

"Njoo uendeshe wewe basi, dada. Hii ni mita ishirini, si baiskeli."

Ilikuwa Oktoba, mpakani mwa Wales. Majani ya mialoni yalikuwa yamegeuka rangi ya shaba na yalianguka juu ya maji bila haraka.

Walipokaribia malango ya kupandishia mashua, mwanamke mwenye aproni nyeusi alishuka kutoka ukingoni akaingia mashuani, akapangusa viatu, na kumsukuma Emlyn pembeni kwa nyonga. Alisema anaitwa Keziah Tranter, alifariki mwaka 1911 kwa kichomi, na hawezi kusimama tu akitazama mashua ikiteswa namna hiyo.

"Karibu, mama," Glenys alisema. "Chai unakunywa na maziwa?"

"Na sukari, vijiko vitatu."

Aliipitisha mashua kati ya kuta mbili za mawe, nafasi ya kidole kila upande, huku akitafuna mkate. Haikugusa popote. Aliwaonyesha ndege mdiria kabla hajaruka, na tundu la fisi maji chini ya mizizi. Kwenye daraja la mawe aliwaonyesha mifuo iliyochimbwa na kamba za farasi waliovuta mashua enzi zile, akautambua mfuo wa kamba yake. Glenys, aliyefundisha baiolojia miaka thelathini, aliweka darubini chini akabaki kuitazama mikono ya mama yule.

Mchana walitia nanga kijijini wakaingia, wote watatu, kwenye jumba dogo la makumbusho. Ukutani palikuwa na picha: mwanamume ameshika farasi, mwanamke yuko kwenye usukani wa mashua, mtoto amefungwa kamba kiunoni asitumbukie majini. Chini yake pameandikwa: *Nahodha Josiah Tranter na farasi wake, Duchess.*

Glenys alimwita mlinzi, Bwana Pargeter.

"Aliyekuwa akiendesha ni huyu hapa."

Pargeter aliitazama picha, kisha Keziah. "Ndiye kabisa. Habari za mchana, mama."

"Basi andikeni jina lake."

"Kamati ya makumbusho inataka hati, bibie. Yoyote yenye saini yake."

"Sikufundishwa kuandika," Keziah alisema. "Shule zilitaka watoto wasiohamahama, nasi tuliishi mashuani."

"Hapo ndipo tunapokwama," Pargeter alisema kwa huruma.

Emlyn alikuwa ameiva uso kwa hasira. "Na farasi? Naye alitia saini?"

"Farasi yumo kwenye daftari la kampuni ya mashua, bwana."

Keziah aliusogelea ukuta, akafuta vumbi kwenye kioo kwa aproni, upande wa mtoto. "Duchess alikuwa farasi mzuri," alisema. "Hilo sibishi."

Aliwaendeshea mpaka Ijumaa, akashuka kwenye daraja moja bila kuaga sana.

Glenys aliiandikia kamati barua tatu, akajibiwa zote kwa adabu. Maandishi chini ya picha hayajabadilika. Ila Bwana Pargeter ameweka kiti mbele ya picha, kwa kuwa Bi Keziah huja kila Jumapili kumtazama mwanawe, na kusimama kunamchosha.