Mstari wa Njano

...na mstari bado umenyooka, umetoka kwenye nati ukavuka hadi kwenye fremu, njano, rangi yangu, kila fundi hapa ana yake, ya Wes ni nyeupe, yangu njano tangu nianze kazi, maana yake nati hii nimeikaza mimi na tangu siku ile hakuna mkono ulioigusa, na vumbi jekundu linanidondokea kwenye kope, polepole, kama unga kwenye chekeche, gari la Bronwyn Teakle liko juu ya lifti, mimi niko chini yake na tochi, mkono wa kushoto nimeshika tambara la petroli, na Trent, meneja wetu, anaita kutoka mlango wa ofisi, simu kaibana begani, "Col! Hizo springi tumefunga sisi, au mtu kachezea huko porini? Nina watu wa kiwanda kwenye simu," nami nasema ngoja, ngoja ni neno dogo lakini mtu anaweza kulala ndani yake... springi za kuinulia gari si za kiwanda, kiwanda hakizijui, ila zikifungwa na wakala wake, yaani sisi, kwa vipimo, kabla mteja hajapewa funguo, waranti, ile ahadi ya kiwanda ya kutengeneza bure, inabaki palepale, na mtu baki akizigusa tu, kwaheri waranti, ndivyo nilivyomweleza Bronwyn mwaka jana, akanisikiliza hadi mwisho, akasema, "Col, mimi nataka gari livuke mto bila kuburuza tumbo, hayo mengine mwambie mwenye tai," na mwenye tai ni huyu Trent, anayemwuliza sasa mbona hakuleta gari kwenye ukaguzi wa kilomita elfu, namsikia Bronwyn kwenye benchi la wateja, "Barabara ilikuwa chini ya maji wiki sita, mwanangu, ulitaka nije naogelea?" na Wes anacheka huko kwenye matairi, na mimi ningecheka, lakini tochi imeangukia kwenye bushi, pale springi inaposhikana na fremu, mpira wake umechanika, umejisokota kama nguo iliyokamuliwa, bolti imelila tundu hadi likawa na umbo la yai, na msokoto huu naujua, haufanywi na mawe wala na mto, unafanywa na fundi aliyekaza nati gari likiwa bado linaning'inia, magurudumu hewani, hakulishusha kwanza likae kwa uzito wake ndipo akaze mara ya mwisho, baba alinifundisha hilo kabla sijaota ndevu, shusha, Col, litikise, halafu ndiyo ukaze, na nimeshusha magari mangapi, mamia, nikayatikisa, nikakaza... isipokuwa Alhamisi ile, gari lilikuwa juu hivi hivi, nimekaza mara ya kwanza, nikasikia bati la paa, tak, kimya, tak, nikadhani ni kunguru, kisha Wes akapiga kelele, "Jamani, inanyesha!" miaka minne ilikuwa haijanyesha, binti wa Wes alikuwa hajaiona mvua tangu azaliwe, nikaweka spana sakafuni tukatoka wote, Trent na tai yake, wanawake wa posta, mji mzima wa Longreach umesimama katikati ya barabara nyuso zimeelekea juu, hakuna aliyekimbia, harufu ya lami iliyolowa, na Bronwyn, aliyekuwa akisubiri gari, miezi mitatu tu tangu amzike mumewe, Les, akavua kofia akaikinga kama bakuli... sijui tulisimama muda gani, niliporudi ndani viatu vilikuwa vinalia maji, kalamu ya rangi ilikuwa pale benchini, nikaiokota nikachora, nati hii, nati ile, mistari yote, nikashusha gari nikampa funguo, sote tunacheka kama walevi... na mstari maana yake kazi imekwisha, mstari wangu haujawahi kusema uongo, umesema mara moja, huu hapa, juu ya kichwa changu, na mkono wa kushoto una tambara, pitisha mara moja tu, nati isiyo na rangi ni nati ya mtu yeyote, ningesema imechezewa, Trent angesema pole mama, ukaguzi nao hukuleta, na hakuna gari langu lililowahi kurudi hapa kwa kosa langu, hakuna, miaka thelathini na moja, wangeendelea kusema hivyo siku ninayostaafu, na Bronwyn angerudi kwake kwa kuomba lifti, Jumatatu anaanza kukusanya ng'ombe, yuko peke yake, gari ni hili moja, leo amekuja nalo taratibu kama anayesindikiza jeneza, saa saba nzima njiani, "Usimharakishe," anamwambia Trent, "huyo hata harusini kwake alichelewa, tulikula keki bila yeye," na sauti hiyo ndiyo ya Alhamisi, naisikia kutoka ndani ya ile mvua, alinisogezea kofia, maji yamefika nusu, yana rangi ya chai kwa jasho na vumbi la mifugo, akasema, "Kunywa, fundi, ya kwanza ni yako," na nilikunywa, nilikuwa nimesahau kwamba nilikunywa, yalikuwa na ladha ya chumvi na ngozi, na ladha hiyo iko hapa sasa, mdomoni, vumbi la chini ya gari lake limeirudisha... "Col! Kosa ni letu au si letu?" na simu bado iko begani kwake, na vumbi bado linashuka, na mstari bado umenyooka ila umefifia kwa udongo, kutoka pale mlangoni hawezi kuuona, nalitia tambara mfukoni, nalamba kidole gumba, naufuta udongo, polepole, mpaka njano iwake.