Mguu wa Serikali

Asubuhi hiyo mguu ulikataa kuingia. Koplo alikaa ukingoni mwa kitanda, akakivalisha kigutu chake soksi ya sufu, akausukuma mguu wa mti kwa viganja vyote viwili huku ameuma meno. Mvua ya jana ilikuwa imeukakamaza mkanda wa ngozi. Alipoukaza, nyama ilichubuka palepale ilipochubuka juzi. Akaanza kutukana. Alitukana kwa utaratibu, kwa kufuata vyeo, akianzia kwa sajini na kupanda taratibu, bila kumruka mtu.

"Leo umefika kwa nani, Baba?" mkamwana wake aliuliza kutoka upande wa pili wa pazia lililokigawa chumba.

"Kwa Brigedia. Jenerali namwekea akiba ya jioni."

Mguu wenyewe ulikuwa wa mti mgumu, wenye bawaba ya chuma gotini na kipande cha tairi alichokikata mwenyewe kuwa wayo. Juu pajani palikuwa na muhuri uliochomwa kwa moto: MALI YA JESHI. Alipewa angali kijana. Tangu hapo yeye amezeeka na kupungua kimo, lakini mguu, kwa ukaidi wa vitu vya serikali, umebaki na urefu uleule, ndiyo maana alitembea ameinamia upande mmoja kama mtu anayesikiliza umbea wa jirani.

Alikuwa mlinzi wa lango kwenye ghala la saruji. Tajiri wa ghala aliondoa kiti cha langoni siku ya kwanza tu. "Nimeajiri mlinzi," alisema, "sikuajiri mkao." Kwa hiyo Koplo alisimama toka asubuhi hadi jioni, na kwa kusimama huko kodi ya chumba ililipwa, na mkamwana wake, aliyekuwa akifua nguo za watu mpaka vidole vikatoka magamba, alipata siku mojamoja ya kuvipumzisha.

"Hodi!"

Mlangoni alisimama Meja, kijana bado, amenyooka, ananukia manukato. Nyuma yake mpiga picha alikuwa akifuta kiatu chake kilichotumbukia mtaroni.

"Ninyi ndio ukoo wa Koplo?" Meja aliuliza.

"Waliosalia," alisema Koplo. "Kama ni habari ya deni, mwenye nyumba yuko mlango wa pili."

Meja akacheka kicheko cha ofisini. Akaeleza kwamba jeshi linafungua jumba la makumbusho, na ukuta mzima umetengwa kwa ajili ya familia moja iliyolitumikia jeshi kizazi baada ya kizazi.

"Kwa Jenerali mmekosa?"

"Watoto wa Jenerali wako masomoni ng'ambo."

"Wote?"

"Yule mkubwa amemaliza." Meja alikohoa kidogo. "Analiuzia jeshi viatu."

"Basi naye anatumikia," alisema mkamwana, akifunua pazia. Alikuwa na beseni la nguo mbichi kiunoni na hakulitua. "Yeye anaviuza, sisi tunafia ndani yake. Kila mtu na kitengo chake."

Meja akajifanya hakusikia. Akatoa simu, akaisogeza mdomoni mwa Koplo ili inase sauti. "Tuanze na wa kwanza."

"Babu yangu. Walimkuta shambani na jembe lake. Wakamfunga kamba kiunoni pamoja na wenzake, wakamtwisha bunduki ya rashasha ya Wazungu kichwani. Akahara njiani, akafa."

"Na bunduki?"

"Bunduki ilifika salama."

Meja akajigeuzia simu. "Kizazi cha kwanza: mpiga rashasha. Alifariki akielekea kwenye ushindi. Wa pili?"

"Baba. Walimvusha bahari akampiganie mfalme wa watu. Akamenya viazi mpaka vita vikaisha."

"Hakuwahi kumwona adui?"

"Alimwona kila siku. Alikuwa sajini wa jikoni."

"Kizazi cha pili," Meja aliiambia simu, bila hata kope kutikisika, "mtaalamu wa lishe ya vikosi. Kizazi cha tatu ni wewe mwenyewe. Huo mguu uliupotezea mstari wa mbele?"

"Nyuma ya hema la maofisa. Nilikuwa nawachimbia choo."

"Adui alikuwa ametega bomu hapo?"

"Bomu letu. Tulilitega wenyewe wiki iliyotangulia, halafu aliyejua lilipo akapewa likizo."

Mpiga picha akacheka, akatazamwa, akanyamaza.

"Alijeruhiwa akisonga mbele," Meja aliiambia simu. "Kizazi cha nne?"

Hapo Koplo aliinama. Akajishughulisha na mkanda wa mguu, akaufungua tundu moja, akaufunga tena. Aliyejibu ni mkamwana.

"Mume wangu. Walikuwa wanalishwa maharage yenye wadudu. Akachukua sahani yake, akaenda nayo mpaka mezani kwa afande, akamwomba aonje. Kesho yake mkaniletea sanduku, mkasema ajali ya mazoezini, mkasema lisifunguliwe."

"Pole sana, mama."

"Nililifungua."

Meja akazima simu kwa dole gumba. Nguo zilikuwa zikidondosha maji sakafuni.

"Tutaandika alianguka akilitumikia taifa," alisema.

"Andika alianguka kifudifudi," alisema mkamwana, "maana risasi ilimwingilia mgongoni."

Meja hakuandika kifudifudi. Alianza kuzungusha macho chumbani, akitafuta kitu cha kuweka ndani ya kabati la kioo. Akauliza habari za medali: ziliuzwa. Sare: zilichukuliwa na jeshi lenyewe, tena zikiwa zimefuliwa. Ndipo macho yake yakashuka, yakatua pajani mwa Koplo, penye ule muhuri, na uso wake ukang'aa kama wa mtu aliyeokota kitu njiani.

"Huo," alisema.

"Huu nini?"

"Tunauazima, mzee. Siku ya ufunguzi, Jumamosi, utavalishwa mpya mbele ya Jenerali. Wa kisasa, mwepisi, unakunja goti wenyewe."

"Leteni huo mpya, ndipo mchukue huu. Hapo katikati nitasimamia nini? Historia?"

"Baba kashasema," alisema mkamwana, akitua beseni hatimaye. "Ana kazi. Asiposimama hatuli."

Meja hakubishana. Alipiga hatua moja nyuma, akabana visigino, na sauti yake ikabadilika. Haikuwa tena sauti ya mgeni chumbani. Ilikuwa ile ya uwanja wa gwaride.

"Koplo!"

Mgongo wa mzee ukanyooka.

"Kabidhi kifaa!"

"Ndiyo afande!" ilisema sauti kooni mwa Koplo, na mikono yake ikaenda kwenye mkanda.

"Baba, wewe ni raia! Hana amri juu yako!"

Koplo alimsikia. Alikubaliana naye kabisa. Moyoni alikuwa amekwisha mtukana Meja, na Kanali wake, na waliomzaa Kanali. Lakini vidole vilifungua tundu la kwanza, la pili, la tatu, vikautoa mguu, vikaunyoosha mbele kwa heshima zote. Alipozinduka, mpiga picha alikuwa ameshampiga picha usoni, na gari lilikuwa linarudi kinyumenyume, likiwafukuza kuku.

Siku hiyo alikwenda kazini kwa gongo alilotengenezewa kwa mpini wa jembe. Tajiri akatoka ofisini, akamtazama juu, akamtazama chini, hasa chini.

"Kiko wapi kipande kingine?"

"Jeshi limeazima, bosi. Jumamosi wananipa kipya."

"Mwizi akija utamfukuza kwa kurukaruka?" Tajiri alitikisa kichwa. "Nakuvumilia mpaka Jumatatu. Jumatatu njoo na miguu miwili, sitauliza ni ya nani. Ukija na mmoja, pitiliza."

Jumamosi waliwahi. Askari wa mlangoni aliwaruhusu wao, akalizuia gongo, kwa kuwa fimbo haziruhusiwi alipo Jenerali. Koplo akaingia amemwegemea mkamwana begani, akirukaruka juu ya zulia jekundu katikati ya wake wa maofisa waliokusanya gauni zao kumpisha.

Mguu ulikuwa katikati ya ukuta, ndani ya kioo, ukimulikwa na taa yake peke yake. Walikuwa wameupaka vanishi. Wayo wa tairi umetupwa, na badala yake mguu umevishwa kiatu kipya cha kijeshi, bila shaka kutoka duka la mtoto mkubwa wa Jenerali. Juu yake ilitundikwa picha ya Koplo, mdomo wazi, ndani ya fremu nyeusi.

Mkamwana alisoma maandishi, akayasoma tena, kisha akasema polepole, "Baba, wamekuua."

"Wapi?"

"Mstari wa mbele. 'Marehemu Koplo alikufa kwa majeraha akisonga mbele.'"

Meja alikuwa akipita na wageni. Koplo akamdaka mkono wa koti.

"Afande. Mbona mmenizika?"

"Sauti chini, mzee." Meja aliwaachia wageni tabasamu, akawavuta wawili hao hadi viti vya nyuma, karibu na mlango wa choo. "Jenerali alipitia maandishi. Akaona ukoo ambao wanaume wake wote wamekufa unagusa zaidi. Akibaki hata mmoja hai, watu wataanza kuuliza anaishije."

"Na mguu mpya?"

"Ulikuwa wa kukabidhiwa jukwaani. Sasa nitamkabidhi nani?"

"Mimi hapa."

"Wewe uko pale," alisema Meja, akionyesha ukutani kwa kidevu.

"Basi nipe wangu wa zamani. Jumatatu nina kazi."

"Umeshaingia katika urithi wa taifa. Hautoki. Jumatatu njoo makao makuu, uulizie."

"Niulizie kwa jina la nani?"

Lakini Meja alikuwa ameshaitwa mbele.

Mkamwana alimkalisha mkwewe kwenye kiti. Kisha akatembea moja kwa moja hadi kwenye kabati, akalipiga kioo kwa kiganja, kile kiganja cha magamba. "Fungueni! Mwenyewe yuko hai! Yuko pale nyuma, fungueni!" Alipiga tena. Askari wawili wakamdaka kwapani, wa tatu akamziba mdomo, wakatoka naye miguu ikiburuzika.

"Ni mjane wa ukoo," Meja alieleza kwenye kipaza sauti. "Uchungu bado mbichi."

Mke wa Jenerali akatoa leso. Watu wakapiga makofi ya upole.

Jenerali alihutubia. Alimsifu mpiga rashasha, akamsifu mtaalamu wa lishe, akasema damu ya ukoo huu ndiyo saruji ya taifa. Koplo alijaribu kuinuka aseme neno, lakini kiti kilikuwa chepesi na kiliteleza, akarudi chini. Upande wa kulia hapakuwa na bega la mkamwana. Gongo lilikuwa mlangoni.

"Sasa," alisema Jenerali, "tusimame kwa dakika moja ya kimya, tumkumbuke Koplo na waliomtangulia."

Viti vikakwaruza. Ukumbi mzima ukasimama, ukainamisha vichwa. Koplo peke yake akabaki amekaa.

Polisi wa jeshi mwenye glavu nyeupe akamjia kwa kunyata. "Mzee, simama."

"Mguu wangu ule pale."

"Nimesema simama. Waheshimu mashujaa."

"Ndiye mimi, kijana. Tazama picha."

Kijana hakutazama picha. Aliingiza mkono kwapani mwa mzee, akamwinua kama gunia, akamsimamisha, kisha akamwachia ili naye abane visigino. Koplo akabaki juu ya mguu mmoja, mikono hewani, suruali tupu ikining'inia. Goti lilianza kucheza. Jasho likamwingia jichoni. Mahali fulani nje ya mlango mwanamke alipiga kelele, mlango ukafungwa, kelele ikakatika. Mbele, Jenerali alikuwa bado amefumba macho, hana haraka na mtu.

"Usitikisike, mzee," alinong'ona polisi bila kugeuza shingo. "Unawavunjia marehemu heshima."