Vifaranga Waliomngoja Mama

Vifaranga waliletwa asubuhi ndani ya maboksi yenye matundu, wakilia kwa pamoja mpaka nyumba nzima haisikilizani. Mke wa fundi cherehani alikuwa ameshatandaza maranda bandani, amewasha taa ya joto, ameweka maji na kumwaga chakula juu ya magazeti. Kilichobaki ni kuwafungulia tu.

"Ngoja kwanza," fundi akasema. "Mama ndiye aliyewanunua. Afungue mwenyewe."

"Mama bado yuko safarini. Hawa wana njaa."

"Wamezaliwa na kiini cha yai tumboni, watavumilia. Usinigombanishe na mama."

Mwanamume mzima, ndevu tele, ukimtajia mama yake anarudi kuwa mtoto. Basi la mama likaharibika njiani, maboksi yakalala sebuleni, na mama akaingia kesho yake karibu na mchana. Alifungua boksi la kwanza kwa vigelegele. Hakuna aliyemwambia kwamba viumbe wale hawajaonja kitu tangu watotolewe.

Waliokufa walikuwa wachache. Waliobaki walidumaa, huyu mkubwa kidogo, yule kama wa juzi. Mke wa fundi alihangaika nao, akawatenga wanaoharisha, akawabadilishia maranda kila walipolowesha. Siku ya kuuza, mpishi wa hoteli aliyewaagiza alimshika mmoja miguu, akampima kwa mkono, akasema yeye aliagiza kuku, si njiwa. Akaondoka mikono mitupu.

Mama akapandisha hasira. Dukani, mbele ya watu waliokuja kununua mkate, akatangaza kwamba mkwewe anauza chakula cha kuku kwa mlango wa nyuma, ndiyo maana kuku wanashinda njaa. "Wakija wengine nampa binti yangu awafuge. Huyu banda asiliguse tena!"

Fundi alikuwepo. Alikuja kununua uzi. Akaukodolea macho ule uzi utadhani hajawahi kuuona maishani mwake, kisha akaenda nyumbani, akala chakula alichopikiwa na huyo aliyeitwa mwizi.

Mkewe ndiye aliyemwita daktari wa mifugo. Mle bandani, mama na fundi wakitazama, daktari akampasua kuku mmoja, akautazama utumbo, akauliza, "Walipofika walikaa muda gani kabla ya kula?"

"Nani aliwakalisha?" mama akadakia. "Si niliwafungua mwenyewe!"

"Mama, kifaranga wa nyama akicheleweshewa chakula mwanzoni, utumbo haukui inavyotakiwa. Kile kiini kinamshikilia tu. Baadaye mtamlisha, lakini wengi wanabaki nyuma, na maradhi yanawapata upesi."

Mke wa fundi akamtazama mumewe. Fundi akaona aibu, ile ya kutamani ardhi ipasuke immeze. Alimwacha mkewe aitwe mwizi ili mama yake asiudhike.

"Walifika siku moja kabla yako, mama," akasema. "Yeye alitaka kuwalisha. Mimi nikamkataza. Nikataka uwafungue wewe."

Mama akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa. "Wamenisubiri mimi na njaa yao," akasema taratibu. "Na mimi nikapiga vigelegele."

Kisha akamgeukia mkwewe. "Mwanangu, yaishe. Vifaranga wanaokuja ni wako."

"Asante, mama. Lakini hukunisema humu bandani. Ulinisema dukani, na huyu mwanao alikuwepo."

Mama akajifunga kanga vizuri, akamshika mwanawe mkono, wakatoka bila kuagana na daktari. Dukani watu walikuwa wamejaa. Muuzaji akawauliza wanataka nini. Mama akamtazama mwanawe. Mwanawe akatazama chini.

"Inua uso," mama akamwambia mbele ya wote. "Siku ile ulitazama uzi. Leo watazame watu, na uanze wewe."