Mwanya wa Eliza

Sikuzani alikuwa mtu mzima mwenye akili zake siku alipoanza kuogopa chokoleti. Msicheke. Wapo wanaoogopa nyoka, na huko Mikumi nyoka wanakutwa hadi bafuni, lakini nyoka Sikuzani alikuwa akiwafukuza kwa fagio huku anaimba. Kilichomtoa jasho ni bakuli la mbao lililojaa chokoleti ndogo za karatasi ya dhahabu, ambalo kila jioni alikabidhiwa azunguke nalo chumba hadi chumba, akiweka mbili juu ya kila mto kabla wageni hawajarudi kutoka kutazama tembo.

Ndiyo kazi yake pale Mikumi, kwenye loji ya watalii: kutandika, kushusha vyandarua, kuweka chokoleti. Na mgeni ni mtu wa ajabu. Analipia kitanda, anawekewa utamu juu ya mto, halafu asubuhi anaondoka ameuacha hapo hapo. Nani mwenye moyo wa kuutupa? Mwaka wa kwanza Sikuzani aliuokota kwa kuona haya, mwaka wa pili kwa mazoea, na baadaye akawa hawezi kukunja shuka bila kipande kinachoyeyuka nyuma ya meno yake ya mbele. Hakukitafuna. Alikiacha kiishe chenyewe, taratibu, huku mikono inafanya kazi.

Sasa hayo meno ya mbele ndiyo yenye habari. Kati ya yale mawili ya juu Sikuzani alikuwa na mwanya, si ule mwembamba wa kubahatisha, bali mwanya hasa, wa kumfanya mtu asahau alichotaka kusema. Ulikuwa wa mama yake, Elizabeti, ambaye Kilosa nzima ilimwita Eliza. Eliza alifariki zamani. Kati ya watoto wake wawili, Upendo alichukua pua ya baba, na Sikuzani akachukua mwanya.

Baba yao, mzee Filipo, aliyefanya kazi reli hadi akastaafu, aliishi Magomeni, pale pale Kilosa mjini, na Upendo ndiye aliyemtunza. Ugonjwa wa kusahau ulimwingia kidogo kidogo, ukaanza na majina ya majirani, ukamaliza na ya wanawe. Mwisho akawa hataki kula. Upendo akileta kijiko, mzee anafunga mdomo na kumwuliza yeye ni nani hata aingie nyumbani kwa watu. Alidhoofu hadi saa ikawa haikai mkononi.

Siku moja Sikuzani akaja mapumziko, akakaa mbele yake, akatabasamu tu. Mzee akamtazama mdomoni. "Eliza," akasema, "mbona umechelewa?" Akafungua kinywa, akala bakuli zima la uji, na wanawe wawili wakabaki wanatazamana na machozi yanawatoka. Tangu siku hiyo hakula ila mbele ya mwanya ule. Sikuzani akiwa kazini, ilikuwa kila saa ya chakula anajifungia chumba cha kufulia, anapiga simu ya video, Upendo anashika simu mkono huu na kijiko mkono huu, na Sikuzani anacheka kwenye kioo cha simu kama mwehu mpaka baba ashibe. Walijaribu picha yake. Mzee aliingoja picha iseme, ilipokaa kimya akaisukuma.

Kwa hiyo meno yale yalipoanza kumvuta kila akinywa maji baridi, Sikuzani hakungoja. Alikwenda kwa daktari wa meno hapo Kilosa, dada mmoja mpole mwenye mikono midogo, akakaa kwenye kiti, akapanua kinywa.

"Unapenda nini kitamu, dada?"

"Chokoleti."

"Kila siku?"

Sikuzani akahamishia macho darini, na daktari akaelewa. Akamwonyesha kwa kioo. Yale meno mawili yalikuwa yameoza upande wa ndani, kule kule kwenye mwanya, yanatazamana.

"Nimeweka dawa ya muda," daktari alisema. "Acha hizo chokoleti, pipi, soda. Ukirudi nitayaziba vizuri, utazeeka nayo. Usipoacha, uozo utapita chini ya hii dawa ufike kwenye mzizi, na hapo sitakuwa na la kufanya ila kung'oa."

"Yote mawili?"

"Yote mawili, dada yangu."

Alitoka pale anamwomba Mungu kwa sauti, hadi mwenye bodaboda akamwuliza kama yuko salama. Hakuwa salama. Kichwani alikuwa anamwona baba yake amefunga mdomo.

Basi ikaanza vita, na mtu asiyewahi kuvutwa na kitu asimdharau. Jioni ya kwanza bakuli lilimponyoka, chokoleti zikamwagika sakafuni, akapiga magoti kuziokota huku amebana pumzi. Alimwomba mwenzake wa zamu, Goodhope, ambebee bakuli. Goodhope akabeba kwa roho safi, kisha akahamishiwa jikoni. Sikuzani akaanza kuvaa barakoa mbili, moja juu ya nyingine, ili mkono ukimsaliti ukute mlango umefungwa. Harufu ikapita vile vile. Aliota chokoleti. Aliamka mate yamejaa mto, akajichukia.

Siku moja alikuta karatasi ya dhahabu kwenye kapu la taka la mgeni, imebaki na alama ya kahawia upande wa ndani. Akavua barakoa, akailamba. Mwanamke mzima, amechuchumaa bafuni kwa watu, analamba taka. Alipojiona kwenye kioo alilia kwa kwikwi, akakimbilia chumvi ya jikoni, akasukutua hadi ulimi ukawaka. Mchana ule alipompigia baba simu, alicheka kwa hofu, na mzee akala.

Ndipo alipokumbuka muwa. Mkombozi huyo alikuwa hapo barabarani siku zote, kwenye kituo cha mabasi, umemenywa, umekatwa vipande, umefungwa kwenye mifuko ya nailoni. Na nani asiyejua, kwao Kilosa, kwamba muwa unasafisha meno? Ukiwa mdogo unaambiwa na mama, unaambiwa na shangazi, na mwenyewe unaona: unautafuna, nyuzi zinasugua, unatema makapi, ukipitisha ulimi meno yanateleza kama sahani iliyooshwa. Sikuzani alinunua mfuko mmoja. Hamu ya chokoleti ilipomjia, akatia kipande kinywani, akakifyonza nyuma ya meno ya mbele, pale pale palipozoea utamu. Hamu ikatulia. Aliketi kwenye ndoo akamshukuru Mungu.

Kuanzia hapo hakukaa bila muwa. Anatandika, anafyonza. Anafua, anafyonza. Hiki kikiisha anakitema na kutia kingine. Alimsimulia dada yake kwenye simu, na Upendo akafurahi kuliko yeye.

"Hapo umepata, dada! Huo ni mswaki kabisa. Huku ipo tele, nitakutumia ya shamba."

Akamtumia mzigo mzima kwa basi. Haikupita muda Sikuzani akawa anabeba bakuli la chokoleti bila barakoa, anaziweka mbili mbili juu ya mito kama anaweka sabuni. Wenzake walimpigia makofi. Alijiona ameshinda, na kwa kweli alikuwa ameshinda, chokoleti haikugusa tena ulimi wake. Jino moja likaanza kumgonga kidogo, akasema ni dawa inafanya kazi, akazidisha muwa.

Maumivu yalipokuja hayakubisha hodi. Mdomo wa juu ulivimba hadi pua ikapinda. Alifika Kilosa ameshika shavu, akakaa kwenye kile kiti, na daktari alipoangalia tu, uso ukamwanguka.

"Ulirudia chokoleti."

"Naapa kwa Mungu aliye hai, hata moja."

"Basi ulikuwa unakula nini?"

Na Sikuzani, maskini, kwa fahari kabisa, akafungua mkoba akatoa mfuko wa nailoni. "Nilikuwa natafuna huu. Kutwa nzima. Nasafisha."

Daktari aliupokea ule mfuko. Hakukaripia, na ingekuwa heri angekaripia.

"Dada, hii ni sukari. Hii hii ndiyo inayokwenda kiwandani. Umeyalaza meno kwenye sukari mchana kutwa." Kisha akasema taratibu, "Na mimi sikufikiria kukutajia muwa. Nisamehe."

Sikuzani alishika mkono wa yule dada, akambembeleza. Azibe tu, hata kwa wiki chache. Amwachie hata moja. Akamweleza habari za baba yake zote, maneno yanagongana. Daktari alisikiliza hadi mwisho huku macho yamemlowa, kisha akamwonyesha usaha ulikofika. Ya bandia yangewezekana, alisema, fizi ikishapona, miezi kadhaa mbele. Lakini baba alitakiwa kula mchana ule ule. Sikuzani akapigwa ganzi, akang'olewa meno yote mawili, na mwanya wa Eliza ukatupwa kwenye sinia la bati.

Magomeni alifika pamba ikiwa bado mdomoni. Upendo alikuwa tayari na uji. Sikuzani alikaa mbele ya baba yake kama siku zote, akatabasamu. Mzee akatazama palipokuwa na mwanya, akaona shimo, akageukia ukutani.

"Huyu siye," alisema. "Mwambieni Eliza aje."

Hakula siku ile, wala iliyofuata. Walimletea mtori, wakamletea maziwa, wakamwita mwinjilisti akaomba. Sikuzani alipanga vidole mbele ya fizi kujaribu kuigiza, akajiona anachekesha, akaacha. Hakuchana nywele, hakulala, alijifunga tu kitambaa kichwani na kukaa hapo, mdomo wa juu umemwingia ndani kwa kukosa cha kuushikilia. Mzee alikuwa anakunywa maji kidogo. Sauti yake ya kumwita Eliza ilizidi kufifia, na Sikuzani alijua kabisa kinachofuata ni nini na kimeletwa na nani.

Mchana mmoja kijiko kilipogonga meno ya mzee na uji ukamwagika kifuani, kitu kikakatika ndani ya Sikuzani. Akafanya jambo ambalo mtoto hafanyi kwa mzazi.

"Filipo!" alifoka. "Filipo, kula!"

Upendo aliruka. Mzee akageuka kutoka ukutani. Aliitazama ile sura ya kitambaa, mdomo uliobonyea, kinywa kisicho na meno ya mbele. Akakaa wima, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa siku nyingi, akakusanya miguu, akainamisha macho.

"Shikamoo, mama," akasema.

Bibi yao, mama wa mzee, alikufa kibogoyo, wao wakiwa hawajazaliwa. Kupokea shikamoo ya baba yako mzazi ni kujitakia laana, kila mtu anajua. Sikuzani alitamani kumpigia magoti na kumwambia mimi ni mwanao, mimi ndiye wa kukuamkia wewe.

"Dada," Upendo alinong'ona, "usiitikie. Tafadhali usiitikie."

Mzee alikuwa anangoja, kichwa chini, kama mtoto aliyefundishwa adabu. Mbavu zake zilihesabika kwenye shati.

"Marahaba, mwanangu," Sikuzani akasema. "Fungua kinywa."

Akafungua. Akala kijiko kimoja, akala cha pili, akala hadi bakuli likaisha, akafuta mdomo kwa kiganja, akamtazama binti yake kwa unyenyekevu mkubwa. Akamwomba ruhusa, kama amemaliza, atoke nje akacheze na wenzake.