Namba Tatu za Jumanne

Ghalani walimwita Winchi, kwa kuwa alibeba mifuko miwili ya saruji kwa mpigo, kilo mia moja begani, huku akipiga soga. Ilikuwa miezi minane sasa tangu mgongo umgomee katikati ya ubao wa kupandia lori.

Katika kituo cha tiba ya maumivu alihudumiwa na watatu: daktari, mtaalamu wa viungo na mshauri. Kila mmoja alimuuliza swali lilelile: kutoka sifuri hadi kumi, maumivu ni ngapi? Kwa daktari alisema nane, asije akapunguziwa dawa. Kwa mtaalamu wa viungo alisema mbili, maana huyo ndiye wa kusaini barua ya kurudi kazini, na msimamizi wa ghala alikuwa amesema wazi kwamba angewekewa nafasi yake hadi mwisho wa mwezi tu. Kwa mshauri, mama wa makamo, alisema sifuri. Aliona haya kulialia mbele ya mama wa watu.

Hakujua kwamba kila Alhamisi hao watatu huketi meza moja na mafaili yao. Alhamisi hiyo walimwita, yeye na mkewe.

"Kaka," daktari alisema, akipanga karatasi tatu mezani, "nane, mbili, sifuri. Mgongo ni uleule?"

"Inategemea na siku, dokta."

"Zote ni za Jumanne," alisema mtaalamu wa viungo.

Mkewe aliguna. "Basi ana migongo mitatu, na mimi naishi na wa nne. Soksi namvalisha mimi."

"Mama watoto, yaache hayo."

"Niyaache? Juzi umekaa kitandani nusu saa, kiatu mkononi, unaniambia unawaza."

Winchi alitazama sakafu.

"Ningeiamini ile mbili, ningesaini," mtaalamu wa viungo alisema. "Jumatatu ungebeba mfuko."

"Ndicho nilichotaka."

"Na Jumanne?"

Mshauri alimuuliza upya: maumivu ni ngapi?

"Sita," alisema Winchi. "Asubuhi saba. Nikijikunja, sijui. Naogopa kujikunja."

Daktari aliandika. Dawa zingepunguzwa kidogo kidogo, mazoezi yangeanza upya, na barua ya mwezi huu isingesainiwa. Badala yake wangemwomba msimamizi ampe kazi ya kuhesabu mizigo, nusu siku.

"Akikataa?"

"Akikataa, utakuwa umepoteza kazi," alisema daktari. "Mgongo bado utakuwa nao."

Mtaalamu wa viungo alitoa saa. "Sasa simama. Kama unavyosimama nyumbani, si kama unavyosimama hapa."

Winchi aliweka viganja mezani. Alijiinua nusu, akatulia, akavuta pumzi, akamalizia. Mkewe alinyoosha mkono kumshika, kisha akaurudisha pajani.

"Sekunde kumi na nne," alisema mtaalamu, akaziandika kwenye karatasi mpya, moja tu kwa wote watatu.