Viganja Ukutani kwa Radford

Duka la zana la Clem Radford lilikuwa linafungwa moja kwa moja Jumamosi saa sita mchana, na mimi nilikuwa sijawahi kumshukuru. Si kwamba sikujaribu. Kwa miaka thelathini na mitatu, kila nikifungua mdomo Clem huniuliza kama nimeupaka msumeno mafuta, na habari huishia hapo.

Nilikuwa najifunza useremala, msichana pekee katika darasa zima hapa mjini Hobart, nilipoingia kwake mara ya kwanza. Maduka mawili yalikuwa yameniuliza namnunulia nani msumeno. Clem hakuuliza. Aliniambia niweke mkono kwenye ukuta nyuma ya kaunta, akauzungushia penseli, akaandika "Noreen, 1991", kisha akachonga upya mpini wa msumeno kwa kufuata mstari ule. Alimfanyia hivyo kila fundi: hakuuzii msumeno kabla hajaujua mkono wako. Sasa ukuta wote ni viganja, na wenyewe wengi wamekufa, au wananunua kwenye lile duka kubwa la barabara kuu, ambako mpini ni mmoja kwa watu wote. Siwalaumu sana. Nawalaumu kidogo.

Jumamosi hiyo asubuhi nilimkuta peke yake katikati ya masanduku, anakula pai ya kome. Nikaanza hotuba niliyoifanyia mazoezi garini.

"Msumeno umeupaka mafuta?" akanikatiza.

"Nimeupaka. Leo utanisikiliza, mzee."

"Nina kazi, binti. Jumatatu wanakuja kuupaka rangi ukuta huu."

Nilipandwa na hasira, nasema kweli. Niligeukia ukuta nisije nikamjibu vibaya, na hapo ndipo nilipoona kwamba kati ya viganja vyote hivyo chake hakimo. Nikamuuliza. Akasema nani angemchora, na penseli anayo yeye.

Akainuka, akachukua fimbo yake ya kutembelea. Ilikuwa ya alumini, ya duka la dawa, na mkono wake ulikuwa ukiteleza kwenye kishikio cha plastiki.

"Clem Radford," nikasema, "wewe unashika plastiki?"

"Usimwambie mtu."

Nikaichomoa penseli nyuma ya sikio lake, nikang'oa kifuniko cha sanduku, nikamwambia aweke mkono juu yake. Alisita, kisha akauweka. Nikamshika kifundo cha mkono taratibu mpaka nikamaliza kuuchora.

Jumatatu, wapaka rangi wakikoroga ndoo zao mlangoni, nilimpelekea fimbo ya mbao, mpini nimeuchonga kwa mstari ule. Akaushika. Kila kidole kikapata mahali pake. Machozi yalimlengalenga, akafungua mdomo.

"Usisahau kuupaka mafuta," nikamwahi.

Alicheka hadi akakaa juu ya sanduku. Kisha, safari hii, akaniacha niitoe hotuba yangu yote mpaka mwisho.